DOUBLE, DECIMAL au senti nzima: pesa uziweke vipi kwenye hifadhidata?

Mteja alikuwa amemaliza kulipa mkopo. Alikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na mfumo wetu ulionyesha salio la 0.00. Bado kila siku saa mbili asubuhi alipokea ujumbe wa kumkumbusha deni. Alipopiga simu mara ya tatu salamu zilikuwa zimeisha, na sikumlaumu. Nikafungua hifadhidata yetu ya PostgreSQL, nikaomba salio lake bila mapambo ya skrini. Likaja hivi:

`1.1368683772161603e-13`

Ukiliandika kwa urefu, hilo ni sifuri, nukta, sifuri nyingine kumi na mbili, ndipo tarakimu ya kwanza itokee. Hakuna sarafu ya kulipa deni kama hilo. Lakini hoja (query) iliyokuwa ikisaka wadaiwa ilisema `WHERE salio > 0`, na kwa kompyuta hicho kijipande ni zaidi ya sifuri. Kwa hiyo mtu ni mdaiwa.

Kampuni yenyewe siitaji. Ilikuwa ofisi ndogo hapa Nairobi, na aliyejenga jedwali lile alikuwa ameshahama. Safuwima ya salio aliipa aina ya DOUBLE PRECISION. Ningekuwa mimi mwaka ule, pengine ningefanya vivyo hivyo, maana nambari ina nukta, na aina hii inakubali nukta.

Siku hizi, kabla ya kuchagua aina ya safuwima, mimi huuliza swali moja: kitu hiki kilihesabiwa au kilipimwa? Shilingi huhesabiwa. Hisa za chama huhesabiwa. Joto, uzito, umbali na mahali gari la matatu lilipo hupimwa, na kipimo chochote huja na kasoro yake ndogo tangu kwenye chombo kilichopima. Kilichopimwa kinavumilia makisio. Kilichohesabiwa hakivumilii, kwa sababu kuna mtu mahali fulani ana daftari na atakuja kulinganisha.

Washindani watatu, kwa ufupi (DOUBLE ni ile DOUBLE PRECISION, nambari ya nukta inayoelea; DECIMAL ni desimali kamili; BIGINT ni nambari kamili kubwa, isiyo na nukta):

| | DOUBLE | DECIMAL(14,2) | BIGINT ya senti |
|---|---|---|---|
| Senti kumi hukaa kama | makisio ya 0.1 | 0.10 kamili | 10 |
| Kulinganisha kwa `=` | kamari | salama | salama |
| Kasi ya hesabu | kubwa | ndogo kiasi | kubwa |
| Vipande vidogo kuliko senti | anavyo, kwa makisio | ukiongeza nafasi za desimali | hana |
| Mhasibu akifungua jedwali | haoni tatizo, mpaka alione | anaelewa | anashtuka |

Kwa nini senti kumi haiingii

Sisi tunaoandika kwa mfumo wa kumi tumezoea kwamba theluthi haiishi: 0.3333 na kuendelea. Kompyuta huandika kwa 0 na 1, na kwake yeye sehemu ya kumi ndiyo isiyoisha. Kiwango cha IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985 kwa mchango mkubwa wa mwanahisabati William Kahan, kinaipa nambari ya DOUBLE biti 64: moja ya alama ya jumlisha au toa, 11 za kipeo, na 52 za tarakimu zenyewe. Biti zikiisha, kinachobaki hukadiriwa. Ukiandika 0.1, kinachohifadhiwa ni 0.10000000000000000555 na mkia mrefu nyuma yake.

Sasa angalia shilingi. Kati ya senti 0 hadi 99, ni nne tu zinazoingia katika DOUBLE bila kukadiriwa: .00, .25, .50 na .75. Nyingine 96 zote ni makisio. Kila ukihifadhi bei ya 49.95, umehifadhi jirani yake.

Jirani mmoja hana madhara. Tatizo huanza wanapojumlishwa. Chukua 0.1 uijumlishe mara kumi kwa DOUBLE, utapata 0.9999999999999999. Mkopo wenye malipo ishirini madogo una nafasi ishirini za kupotoka, ndiyo maana mteja wetu alidaiwa hewa.

Kuna mtego hapa ambao umewadanganya wengi. Mtu anasikia habari hizi, anafungua PostgreSQL kuhakikisha:

`SELECT 0.1 + 0.2;`

Inarudi 0.3, naye anasema hadithi hizi ni za kutisha watoto. Lakini PostgreSQL huchukua nambari uliyoandika hivyo kuwa NUMERIC, yaani desimali kamili. Safuwima yake haiko hivyo. Jaribio la haki ni hili (`float8` ndiyo DOUBLE yenyewe):

`SELECT 0.1::float8 + 0.2::float8;`

Jibu: 0.30000000000000004. Na kabla ya toleo la 12 hata hilo lingeonyeshwa kama 0.3, kwa sababu PostgreSQL ilikuwa ikifupisha tarakimu wakati wa kuonyesha. Kasoro ilikuwepo, ila ilivaa buibui. Kwenye hifadhidata ya SQLite uliza `SELECT 0.1 + 0.2 = 0.3;` nayo itakujibu 0, yaani hapana.

FLOAT ndogo ni hatari zaidi

DOUBLE angalau hubeba tarakimu 15 hivi za kuaminika. FLOAT ya biti 32 hubeba kama saba. Saba zinasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba mshahara wa shilingi 150,000.01 una tarakimu nane.

Kati ya shilingi 131,072 na 262,144, umbali kati ya nambari moja ya FLOAT na inayofuata ni 0.015625. Hiyo ni zaidi ya senti moja. Maana yake, huyo wa 150,000.01 hukaa kwenye jedwali kama 150,000.015625, na ukimkadiria hadi senti anakuwa 150,000.02. Amepata nyongeza ya senti bila barua ya bosi. Ukifika 16,777,216, hata shilingi nzima zinaanza kurukwa.

Jina lenyewe pia linapotosha. FLOAT ya MySQL ni ya biti 32. FLOAT ya SQL Server, usipotaja ukubwa, ni ya biti 64. Kwa PostgreSQL `float` ni biti 64 na ya biti 32 huitwa `real`. FLOAT ya Oracle ni ya ukoo wa NUMBER, desimali kabisa. Ukitaka za mfumo wa 0 na 1 unaandika BINARY_FLOAT au BINARY_DOUBLE. Majina yanafanana, baba ni tofauti. Ukihamisha jedwali kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, usinakili jina la aina ukadhani umenakili aina.

DECIMAL: mwaminifu, lakini ana masharti

DECIMAL (au NUMERIC) huweka tarakimu za mfumo wa kumi kama zilivyo. DECIMAL(12,2) ina maana ya tarakimu 12 kwa jumla, mbili zikiwa baada ya nukta, hivyo kiwango cha juu ni 9,999,999,999.99. Senti kumi ni senti kumi. Kujumlisha na kutoa hakuna mkia. Kwa pesa, hapa ndipo ninapoanzia, na mara nyingi ndipo ninapomalizia.

Wanaoipinga husema ni nzito. Kweli ni polepole kuliko DOUBLE, kwa kuwa kichakataji kina njia ya moja kwa moja ya kukokotoa DOUBLE ilhali DECIMAL hukokotolewa na programu. Ila nafasi? MySQL hufunga kila tarakimu tisa ndani ya baiti nne, na DECIMAL(12,2) hutumia baiti sita. DOUBLE hutumia nane. Na kasi, kwa mfumo wa mikopo au wa duka la jumla pale Gikomba, hutaihisi. Utakachokihisi ni faharasa (index) ya jedwali uliyosahau kuweka.

Masharti ndiyo haya. MySQL ukiandika DECIMAL bila mabano, inakupa (10,0): senti zote zinakadiriwa na kupotea. SQL Server inakupa (18,0), hadithi ileile. PostgreSQL ukiandika NUMERIC bila mabano, inahifadhi desimali zozote ulizoleta, jambo zuri mpaka mtu alete salio lenye desimali kumi na tano. SQLite ndiyo yenye hila kubwa kuliko zote: itakubali `DECIMAL(10,2)` kwenye tamko la jedwali, haitalalamika, kisha itahifadhi 49.95 kama nambari ya biti 64 ya nukta inayoelea. Wanaojenga programu za simu zinazoweka data ndani ya SQLite kabla ya kuituma kwenye seva wanajua, au watajua.

Lipo pia jambo ambalo DECIMAL haiwezi kukufanyia, nalo ni kugawanya. Bei ya shilingi 100 yenye VAT ya asilimia 16 ndani yake, ukitoa VAT unagawanya kwa 1.16, unapata 86.2068965 na kuendelea. Hapo hata desimali haiishi. Lazima mtu aamue pa kukatia, na uamuzi huo ni wa biashara kabla haujawa wa kompyuta.

Chukua chama cha watu saba wanaogawana 50,000. Kwa kila mmoja ni 7,142.857, unakadiria 7,142.86. Zidisha mara saba: 50,000.02. Umegawa pesa ambazo hazipo. Mweka hazina atakuuliza hizo senti mbili zimetoka mfukoni mwa nani.

Au risiti. Bidhaa tatu za 33.35 kila moja kabla ya VAT. Ukikokotoa VAT mstari kwa mstari, kila mmoja ni 5.336, unakuwa 5.34, na mitatu ni 16.02. Ukijumlisha kwanza, 100.05, VAT ni 16.008, unakuwa 16.01. Majibu yote mawili yana mantiki, hesabu zote ni za DECIMAL safi, na hayalingani. Nimewahi kupoteza alasiri nzima nikitafuta hitilafu ambayo haikuwa hitilafu: skrini ya mauzo ilikuwa inakadiria kila mstari, ripoti ya mwezi inakadiria jumla. Mhasibu wetu, mzee wa watu, alikuja na karatasi mbili. "Kijana, senti hii moja imetoka wapi?" Nikamwambia, "Mzee, haijatoka popote. Tumeikadiria mahali pawili." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi chagueni mahali pamoja." Ukweli ni kwamba huo ndio uliokuwa uamuzi wote wa kiufundi uliohitajika.

Soko la hisa la Vancouver lilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1982 lilianzisha faharisi yake kwa pointi 1,000, ikitunzwa kwa desimali tatu. Kila ilipokokotolewa upya, tarakimu za ziada zilikatwa badala ya kukadiriwa. Kila mkato ulikuwa mdogo mno, lakini wote ulielekea chini, na ulifanyika maelfu ya mara kwa siku. Kufikia Novemba 1983 faharisi ilisoma kama 524, ilhali thamani sahihi ilikuwa zaidi ya 1,098.

Kukadiria kwenyewe kuna vituko. Kwenye PostgreSQL, `round(2.5::numeric)` hutoa 3, na `round(2.5::float8)` kwa kawaida hutoa 2, kwa sababu aina ya pili ikikuta nusu kamili huenda kwenye nambari shufwa iliyo karibu. Ukijaribu `round(salio, 2)` na salio ni DOUBLE, PostgreSQL inakataa kabisa: hakuna kazi (function) kama hiyo. Wengi huliona hilo kama usumbufu. Mimi naliona kama jirani mwema anayekuuliza kama umefunga mlango.

Senti nzima kwenye BIGINT

Njia ya tatu ni kuachana na nukta: shilingi 12,500.00 unaiandika 1250000. Hakuna mkia, kasi ni kubwa, na lugha yoyote ya programu inaelewa nambari kamili. Wajenzi wengi wa mifumo ya malipo wanaipenda, na wana sababu.

Ila tumia BIGINT. INT ya kawaida huishia 2,147,483,647, ambayo kwa senti ni shilingi 21,474,836.47. Nyumba ya Kileleshwa inaweza kuipita bei hiyo.

Kuna mambo matatu yanayonizuia kuipendekeza kwa kila mtu. La kwanza ni mipaka ya nchi. Nairobi hatufanyi kazi na shilingi ya Kenya pekee. Kwa kiwango cha ISO 4217, shilingi ya Kenya ina desimali mbili, shilingi ya Uganda haina hata moja, faranga ya Rwanda haina, na dinari ya Kuwait ina tatu. Ukizidisha kila kitu kwa 100 bila kuuliza ni sarafu gani, siku moja utamlipa mtu wa Kampala mara mia, au sehemu ya mia.

La pili ni kugawanya. Kwenye PostgreSQL, SQLite na SQL Server, nambari kamili ikigawanywa kwa nambari kamili, kinachobaki hutupwa. `bei * (16 / 100)` ni sifuri kila mara, kwa kuwa 16 / 100 imeshakuwa sifuri kabla bei haijaguswa. MySQL ingekupa 0.1600, kwa hiyo hoja inayofanya kazi kwenye kompyuta yako inaweza kusamehe VAT ya nchi nzima kwenye seva. Upande wa pili wa jambo hili ni mzuri: kwa chama kile cha watu saba, 5,000,000 ukigawa kwa 7 unapata 714,285 na zinabaki senti 5. Zinaonekana wazi. Unawaongezea watu watano senti moja moja, na daftari linafunga.

La tatu ni binadamu. Siku ambayo mhasibu atatoa ripoti moja kwa moja kutoka kwenye jedwali, ataona 1250000 na atauliza ni nani aliyeidhinisha milioni moja na robo. Ukichagua njia hii, iite safuwima `kiasi_senti`, jina zima, na umjengee mhasibu mwonekano (view) wenye shilingi.

Pale DOUBLE inapostahili

Baada ya yote haya, nisije nikaonekana adui wa nukta inayoelea. Kifaa cha GPS ndani ya matatu kinatuma longitudo ya karibu 36.82 kila baada ya sekunde chache. Kwa DOUBLE, kasoro ya uhifadhi ni ndogo kuliko nanomita moja. GPS yenyewe hukosea kwa mita kadhaa. Hata FLOAT ya biti 32, maeneo ya Nairobi, hupiga hatua za kama sentimita 42, ambazo zinatosha kujua kama gari limefika kituo cha Kencom au bado. DECIMAL(9,6) pia inafaa, hatua zake ni sentimita 11 hivi. Lakini kwa kukokotoa umbali, pembe na wastani wa mamilioni ya nukta, DOUBLE ndiyo kazi yake hasa.

Masharti ni mawili tu. Usilinganishe kwa `=`; andika `ABS(a - b) < 0.00001` au kiasi kinachoeleweka katika kazi yako. Na usitegemee jumla irudi ileile hadi tarakimu ya mwisho: mpangilio wa kujumlisha hubadilisha mkia wa jibu, na PostgreSQL ikigawanya kazi kwa michakato kadhaa inayoendeshwa sambamba, mpangilio unaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Mahali ambapo kupima na kuhesabu hukutana ni kituo cha mafuta. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, hadi senti. Lita hupimwa na pampu, na malipo huhesabiwa. Tuseme bei ni 180.66 na pampu imesoma lita 27.68: jibu ni 5,000.6688. Mimi ningeweka lita kama DECIMAL(10,3), bei DECIMAL(10,2), na kiasi DECIMAL(12,2) kikadiriwe mara moja tu, 5,000.67. Mteja akilipa kwa M-Pesa hatumi senti, kwa hiyo tofauti kati ya 5,000.67 na alichotuma ipate safuwima yake. Usiifiche ndani ya kiasi. Na viwango vya kubadilisha fedha, ambavyo Benki Kuu huvitoa kwa desimali nne, viwekee angalau nne, hata kama mwisho wa safari ni senti.

Tulivyolirekebisha jedwali lile

Tulianza na swali la wadaiwa hewa:

`SELECT id, salio FROM mikopo WHERE salio <> 0 AND abs(salio) < 0.005;`

Orodha ilijaza kurasa mbili. Baadhi walikuwa chini ya sifuri, yaani sisi ndio tuliokuwa tukidaiwa hewa. Tukaandika jumla ya masalio yote kwenye karatasi, tukatunza nakala ya jedwali, kisha:

`ALTER TABLE mikopo ALTER COLUMN salio TYPE numeric(14,2) USING round(salio::numeric, 2);`

Tukalinganisha jumla mpya na ile ya karatasini, mzee akatia sahihi. Tulidhani tumemaliza. Siku mbili baadaye salio lenye mkia likatokea tena, safari hii kwenye barua pepe ya taarifa ya mteja. Maktaba ya Node (JavaScript ya upande wa seva) inayozungumza na PostgreSQL hurudisha NUMERIC kama maandishi, kwa makusudi, ili isipoteze tarakimu. Mwenzetu mmoja aliona maandishi mahali alipotarajia nambari, akaweka `parseFloat`, na kwa neno moja akairudisha DOUBLE tuliyoifukuza. Kwenye Java kosa la aina hiyo ni `new BigDecimal(0.1)` badala ya `new BigDecimal("0.1")`: bila alama za kunukuu, unaikabidhi BigDecimal makisio nayo inayatunza kwa uaminifu wote. Tukapekua programu nzima tukitafuta `parseFloat`, tukazikuta kumi na moja. Tisa tuliziondoa. Mbili zilikuwa za GPS, tukaziacha.